Chandarua cha Kliniki Kina Dawa Gani?

Mama mjamzito anayeanza kliniki Mombasa hupewa chandarua bure. Huambiwa akitundike juu ya kitanda, achomeke ncha zake chini ya godoro, alale humo kila siku, na mtoto akizaliwa alale naye humo humo. Ni nasaha njema. Asichoambiwa ni dawa gani imo ndani ya nyuzi zile, na kama mbu wa Mtongwe, Jomvu au Mwakirunge bado wanakufa wakiigusa. Mimi naona ana haki ya kuambiwa yote mawili. Naona pia kwamba wanaomchagulia chandarua hicho wanapaswa kuanza kwa kumjua mbu anayemuuma, bei ya zabuni ije baadaye.

Mitaani watu wameshajipa jibu lao. Utalisikia Kisauni, utalisikia Changamwe: "Neti za siku hizi hazina dawa. Mbu anatua juu yake, anapumzika, anaondoka zake." Kauli hii ina kosa ndani yake na ina ukweli pia, na inafaa vyote viwili vichambuliwe kwa makini, maana mtu akishaamini kwamba chandarua ni kitambaa kitupu, kesho ataona kinafaa zaidi kufunikia miche ya sukumawiki au kuvulia uduvi.

Kosa ni la kumtambua mbu. Wale wanaotuimbia masikioni usiku kucha mjini, kwa wingi wao, si mbu wa malaria. Ni Culex quinquefasciatus, mbu wa maji machafu, anayezaliana katika mashimo ya vyoo, matangi ya maji taka yaliyopasuka na mitaro iliyoziba. Huyu ndiye mmoja wa waenezaji wa matende huku Pwani, na usugu wake dhidi ya dawa za vyandarua umejulikana kwa miaka mingi. Aliyeko Majengo akamwona mbu ametua juu ya neti na kuruka mzima, kuna uwezekano mkubwa amemwona yeye. Mbu wa malaria, Anopheles, ni mchache zaidi mjini, hana makelele mengi, na ukimwona ametua utamjua kwa jinsi anavyoinua kiuno juu na kuinamisha kichwa. Wachache wetu tumewahi kumtazama hivyo.

Kunguni nao wamechangia. Vyandarua vya kwanza vya permethrini vilipoingia vijijini Bagamoyo miaka ya 1990, kunguni walitoweka vitandani, na watu wakavipenda kwa sababu hiyo kabla hata ya kuona malaria ikipungua. Leo kunguni wamekuwa sugu kwa dawa zile zile, na chandarua kimeshushiwa hadhi kwa kushindwa kazi ambayo hakikuletwa kuifanya. Mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba akidharau malalamiko haya atakuwa anawafukuza watu kutoka kwenye kinga yao. Anayelala na kunguni hawezi kushawishika kwa takwimu za malaria. Ni lazima asikilizwe, asaidiwe kuwaondoa kunguni, ndipo aelezwe kwamba mbu wa malaria ni habari nyingine.

Sasa ukweli. Mbu wa malaria nao wamekuwa sugu, na hili limethibitishwa karibu kila nchi ya Afrika iliyowapima.

Dawa iliyotiwa katika karibu vyandarua vyote vilivyogawiwa barani kwa zaidi ya miaka 20 ni ya ukoo mmoja, pairethroidi: permethrini, deltamethrini, alfa-sipermethrini. Zote ziliundwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, ua lililolimwa kwenye nyanda za juu za Nakuru na Nyandarua hadi Kenya ikawa kwa miaka mingi mzalishaji mkubwa kabisa duniani. Zilichaguliwa kwa sababu nzuri. Humwangusha mbu kwa dozi ndogo sana, humfukuza hata kabla hajaugusa wavu, na mtoto mchanga anaweza kulala akiwa ameegemea wavu huo bila kudhurika. Kwa muda mrefu hakuna dawa ya ukoo mwingine iliyotimiza masharti hayo yote, kwa hiyo mzigo wote wa kuilinda Afrika ukabebeshwa ukoo huo mmoja. Na hao hao pairethroidi wamo katika makopo ya kupulizia dukani, wamo katika koili tunazowasha jioni, wamo katika dawa za kunyunyizia mboga na pamba. Mbu hukutana nazo angali kiluwiluwi, katika dimbwi la maji yaliyotiririka kutoka shambani.

Onyo lilitolewa mapema, na lilitolewa hapa hapa Kenya. Mwaka 1994 watafiti waliokuwa wakifanya kazi magharibi mwa nchi waliandika kwamba mbu wa Anopheles gambiae katika vijiji vilivyotumia vyandarua vya permethrini walikuwa wameanza kuistahimili dawa hiyo. Mwaka 2000 likaelezwa badiliko la jeni lililokuwa nyuma ya hali ile, kutoka kwa mbu wa eneo hilo hilo. Yaani miaka kadhaa kabla ya kampeni kubwa ya 2006, iliyowapa vyandarua bure mamilioni ya watoto wa Kenya, tulishajua kwamba dawa yake ina mwisho.

Mbu huwa sugu kwa njia zaidi ya moja, na hapa ni lazima tukae kidogo, kwa sababu aina ya chandarua kinachofaa hutegemea njia iliyotumika. Pairethroidi huua kwa kushika vijitundu vya sodiamu katika mishipa ya fahamu ya mdudu na kuviacha wazi, mdudu akatetemeka na kuanguka. Njia ya kwanza ya usugu ni kubadilika kwa vijitundu vyenyewe: jeni moja hugeuka mahali pamoja, dawa inafika lakini haishiki. Badiliko hilo humkinga mbu dhidi ya DDT pia, kwa kuwa DDT hushambulia pale pale. Njia ya pili ni ya vimeng'enya. Mbu huzalisha kwa wingi vimeng'enya vinavyoivunjavunja dawa kabla haijafika kwenye mishipa. Hii ndiyo njia inayotia hofu zaidi, hasa kwa Anopheles funestus, mbu anayependa damu ya binadamu na kulala ndani ya nyumba za binadamu. Tena kuna mbu ambao ngozi zao za miguu zimekuwa nene, dawa ikapenya kwa shida. Mbu mmoja anaweza kuwa na njia zote hizi kwa pamoja.

Msomaji akifika hapa atauliza kwa nini basi tuendelee kuvitundika. Jibu lina historia inayoanza karibu na sisi, ng'ambo tu ya daraja la Nyali na mwendo wa saa moja na nusu kuelekea kaskazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kilifi ilikuwa miongoni mwa sehemu chache za Afrika zilizofanya jaribio kubwa la vyandarua vyenye dawa. Matokeo yalipotoka mwaka 1996 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wa mwezi 1 hadi miaka 5 vilipungua kwa asilimia 33 katika vijiji vilivyopewa vyandarua, na waliolazwa hospitalini kwa malaria kali wakapungua kwa asilimia 44. Watoto wa Kilifi ni miongoni mwa waliouonyesha ulimwengu kwamba kitambaa chenye dawa kinaokoa maisha. Baadaye, watafiti waliokadiria mafanikio ya bara zima kati ya 2000 na 2015 walihesabu wagonjwa milioni 663 wa malaria walioepushwa, na asilimia 68 ya hao ikahesabiwa kuwa kazi ya vyandarua.

Lakini hayo ni ya enzi ambayo dawa ilikuwa bado kali. Ushahidi unaonigusa zaidi ni wa 2018. Shirika la Afya Duniani liliratibu uchunguzi katika nchi 5, Benin, Kameruni, India, Sudan na Kenya yetu, mahali ambapo usugu ulishapimwa na kupatikana. Walifuata watoto, wakafuata mbu, wakalinganisha. Waliolala ndani ya chandarua waliugua malaria kwa karibu asilimia 40 chini ya wasiolala ndani yake, na tofauti hiyo ilionekana hata palipokuwa na usugu.

Kwa nini? Kwanza, wavu mzima ni ukuta hata usipokuwa na dawa. Pili, mbu sugu haondoki salama kama anavyoonekana. Sumu humpunguzia siku za kuishi, na siku hizo ndizo zinazohesabika: vimelea vya malaria huhitaji takriban siku 10 hadi 14 kukomaa ndani ya mbu kabla hajaweza kumwambukiza mtu. Mbu anayekufa siku ya sita hajamwambukiza yeyote. Tatu, vipimo vya usugu vya maabara hufanywa kwa mbu wachanga, nao huwa na nguvu kuliko wazee, ilhali mbu wanaobeba vimelea vilivyokomaa ni wazee. Kwa hiyo mbu wanaoeneza ugonjwa wanaweza kufa kwa dawa ambayo wadogo zao waliistahimili kwenye chupa ya majaribio.

Kuna na faida ya jirani. Magharibi mwa Kenya, katika jaribio la Asembo, watu wasiokuwa na vyandarua lakini waliokaa ndani ya mita 300 kutoka kwa wenye navyo walipata kinga pia, kwa sababu mbu wa mtaa mzima walipungua. Faida hii inategemea dawa kuua. Wavu usioua humlinda aliyelala ndani yake tu na kumsukumia mbu mwenye njaa kwa jirani. Hapa ndipo usugu unapotunyang'anya kitu ambacho hakionekani kwa macho, na ndipo ninapoachana na wale wanaosema kwamba maadamu neti bado zinasaidia, hakuna haja ya haraka. Anayeumia kwanza ni yule asiye na kitanda: mtoto anayelalia mkeka sebuleni, mgeni aliyekuja kwa matibabu, kijana anayelala kibandani akilinda mali.

Tanzania imetupa vipimo vya wazi kuliko nchi nyingine yoyote kuhusu hasara hiyo na dawa yake. Muleba, mkoani Kagera, vijiji viligawanywa kwa kura: vingine vikapewa vyandarua vya kawaida, vingine vyandarua vilivyoongezwa PBO. PBO yenyewe haiui mbu. Kazi yake ni kuvifunga vile vimeng'enya, ili pairethroidi ifanye kazi yake kama zamani. Matokeo ya 2018 yalionyesha maambukizi ya watoto yakishuka kwa asilimia 44 mwaka wa kwanza na 33 mwaka wa pili, yakilinganishwa na vyandarua vya kawaida.

Kisha ikaja Misungwi, mkoani Mwanza. Huko walilinganisha aina 4 kwa wakati mmoja. Baada ya miaka 2, katika vijiji vya vyandarua vya kawaida karibu watoto 46 katika kila 100 waliopimwa walikuwa na vimelea. Kwenye PBO walikuwa karibu 41, yaani nafuu ya Muleba ilikuwa imeshafifia. Kwenye aina ya tatu, yenye piriproksifeni inayowafanya mbu wasizae, karibu 38. Na kwenye vyandarua vilivyochanganya pairethroidi na dawa iitwayo klorfenapiri walikuwa karibu 26. Ugonjwa wenyewe, homa ya malaria iliyothibitishwa, ulipungua huko kwa asilimia 44 katika miaka 2. Hayo yalichapishwa 2022. Mwaka uliofuata Benin ikatoa jibu linalokaribiana sana na hilo, asilimia 46. Mwezi Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kwa nguvu vyandarua vya klorfenapiri mahali ambapo mbu wamekuwa sugu kwa pairethroidi.

Nakiri kwamba klorfenapiri hunifurahisha kwa jinsi inavyofanya kazi. Haigusi mishipa ya fahamu kabisa. Huingia ndani ya mitokondria, pale chembe hai inapotengeneza nguvu zake, na kuuzima uzalishaji huo. Na ili iwe sumu kali inapaswa kwanza kubadilishwa ndani ya mwili wa mbu, na wanaoibadilisha ni vimeng'enya vya kundi lile lile vinavyompa usugu dhidi ya pairethroidi. Silaha aliyojitengenezea mbu kwa miaka 20 inageuka kuwa kinachomuua. Lakini huua polepole, kwa siku moja hadi tatu. Mama atamwona mbu akiruka kutoka kwenye neti mpya, akaamini kwamba nayo haina dawa, na huku mbu yule amebakiza siku mbili. Bila maelezo, chandarua bora kabisa tulichonacho kitapata sifa mbaya kuliko kile kibovu.

Ndiyo maana nasisitiza maelezo. Kila chandarua huja na lebo iliyoshonwa pembeni, imeandikwa kwa Kiingereza, majina ya kemikali na asilimia. Si vigumu kuweka katika pakiti karatasi moja ya Kiswahili: dawa iliyomo ni hii, huua kwa muda huu, kitandaze kivulini kwa siku moja kabla ya kukitumia, kifue kwa sabuni ya kawaida bila jiki, usikianike juani. Hilo la jua ni muhimu sana Mombasa, tunakoanika kila kitu juu ya paa na kamba za uani. Jua kali huiunguza pairethroidi. Chandarua kilichotengenezwa kistahimili kufuliwa mara 20 hupoteza nguvu upesi kikianikwa hovyo, na lawama inakwenda kwa serikali au kiwanda.

Zipo sababu za kutokimbilia dawa mpya kila mahali kwa pamoja, na ni sababu za kweli. Vyandarua hivi ni ghali kuliko vya kawaida. Klorfenapiri hutumika pia mashambani, na tukiitegemea peke yake barani kote bila kuibadilisha na nyingine, tutairudia historia ya pairethroidi. Lakini sababu hizi zinadai upimaji, hazidai kungoja. Kaunti ambayo mbu wake wana usugu wa vimeng'enya ipewe kinachofaa, na kaunti ambayo mbu wake bado wanakufa iendelee na cha bei nafuu, mradi matokeo ya vipimo yatangazwe kwa lugha ambayo mwenyekiti wa mtaa anaweza kuisoma. Vipimo hufanywa. KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ina wataalamu Kilifi na Kisumu wanaoheshimiwa duniani. Matokeo yao huchapishwa katika majarida ya kisayansi kwa Kiingereza, na mkazi wa Likoni ambaye mbu wa eneo lake ndio waliopimwa ndiye wa mwisho kujua.

Pwani ina sababu ya ziada ya kutosahaulika. Katika utafiti wa kitaifa wa malaria wa 2020, karibu asilimia 5 ya watoto waliopimwa ukanda wetu walikuwa na vimelea, wakati ukanda wa Ziwa ulikuwa na karibu asilimia 19. Anayegawa bajeti Nairobi akizitazama tarakimu hizo ataanza na Ziwa, na sina ugomvi na hilo. Ninachokipinga ni dhana kwamba Pwani tumeshavuka. Kumbukumbu za hospitali ya Kilifi zinaonyesha kwamba malaria ilishuka sana hadi karibu 2009, kisha ikapanda tena kuelekea 2014, na kwamba umri wa watoto wanaolazwa umekuwa ukiongezeka. Mtoto asiyeumwa mara kwa mara hakui na kinga ya mwili aliyokuwa nayo babu yake, kwa hiyo malaria ikirudi humkuta akiwa na miaka 6 au 7 bila silaha. Ushukaji ule ulianza hata kabla ya kampeni kubwa za kugawa vyandarua, kwa hiyo tusivipe vyandarua sifa yote. Lakini ukanda uliokwisha kuonyesha kwamba malaria inaweza kurudi si ukanda wa kupewa chandarua chochote kilichobaki ghalani.

Na mbu wetu wamebadilika. Zamani vijiji vya Kilifi na Kwale vilitawaliwa na Anopheles gambiae halisi, mbu wa usiku wa manane, wa ndani ya nyumba, ambaye chandarua kilimkamata barabara. Baada ya vyandarua kuenea, watafiti waliolinganisha miaka 20 ya ukusanyaji walikuta huyo amepungua sana, na nafasi yake imeshikwa zaidi na Anopheles arabiensis, anayeridhika pia na damu ya ng'ombe na kuuma nje, na Anopheles merus wa maji ya chumvichumvi. Huu nao ni usugu wa aina yake, usio na jeni la kupima. Mbu anayekwepa wavu hahitaji kuistahimili dawa.

Mwambao wa Pwani huishi nje. Hilo ni jambo jema katika maisha yetu na sitaki mtu wa afya alikemee. Magharibi ikishaingia, watu wako barazani, wanawake wanakaanga viazi karai na bhajia kandokando ya barabara, vijana wako maskani, watu wamejaa Mama Ngina wakipunga upepo. Saa tatu, saa nne usiku mtoto bado yuko mgongoni au anacheza uani kwa sababu ndani kuna joto la mabati. Penye matanga watu hulala nje kwenye mikeka. Wavuvi wako ufukoni, mabawabu wako malangoni hadi alfajiri. Hakuna chandarua, cha klorfenapiri wala cha dhahabu, kitakachomfuata mtu huko.

Kwa hiyo nafurahi kwamba majibu mengine yanatafutwa karibu nasi. Mwaka 2023, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, kaunti ya Kwale, maelfu ya watu walipewa ivermektini, dawa inayofahamika kwa kutibu minyoo na upele, mara moja kwa mwezi kwa miezi 3. Mbu akimuuma mtu aliyemeza dawa hiyo, hufa, iwe amemuuma ndani au nje, awe sugu kwa pairethroidi au la. Matokeo yaliyochapishwa 2025 yalionyesha maambukizi mapya yakipungua kwa asilimia 26 kwa watoto wa miaka 5 hadi 15, na hao walikuwa watu wenye vyandarua tayari. Asilimia 26 haitoshi kuziba pengo, lakini ni 26 zilizoongezwa juu ya kinga iliyokuwapo. Madirisha yenye wavu na kuziba uwazi kati ya ukuta na paa la makuti ni kazi nyingine ambayo mafundi wetu wanaijua, nayo haiishiwi nguvu kwa kufuliwa.

Kuna mbu mmoja ambaye Mombasa inapaswa kumwogopa zaidi ya miji mingine ya Kenya. Anopheles stephensi ni mbu wa mijini, asili yake Bara Hindi na nchi za Ghuba, pande zile zile ambazo majahazi yetu yamekuwa yakienda na kurudi tangu enzi za mababu. Hahitaji dimbwi la kijijini. Huzaliana katika mapipa, matangi ya juu ya nyumba, visima na maji yaliyohifadhiwa kwa ujenzi. Alionekana Djibouti mwaka 2012, mwaka ambao nchi ile ilikuwa na wagonjwa 27 tu wa malaria. Mwaka 2020 ilikuwa na zaidi ya 73,000. Mwaka 2022 alihusishwa na mlipuko wa Dire Dawa, mji wa Ethiopia, na mbu wa huko walishakuwa sugu kwa pairethroidi. Mwishoni mwa mwaka huo huo akanaswa Marsabit, ndani ya Kenya.

Ukitazama mji wetu utaona kwa nini nasumbuka. Mombasa ina bandari. Mombasa haina maji ya mfereji ya kutegemewa, kwa hiyo kila nyumba ina mapipa, kila ploti ina tangi, kila mtaa una mwenye mkokoteni wa mitungi. Tayari tumeona jinsi mbu wa maji ya nyumbani anavyoweza kutuangusha: Aedes alituletea dengi mwaka 2013 na chikungunya mwishoni mwa 2017, watu wakaumwa viungo hadi wakashindwa kusimama, naye huuma mchana wakati chandarua kimekunjwa. Mbu wa malaria akijifunza kuishi katika mapipa hayo hayo, hesabu zote nilizozitaja za Misungwi na Muleba, zilizopimwa vijijini, hazitatusaidia sana. Kinga itakuwa maji ya mfereji yanayotoka kila siku na matangi yenye vifuniko vinavyobana.

Na ni lazima mtu awe anamtafuta. Mwaka 2025 Marekani iliposimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, ununuzi wa vyandarua na ufuatiliaji wa mbu katika nchi nyingi za Afrika ulitikisika, na tukaona jinsi kazi hii ilivyoegemea fedha za wengine. Kuchota viluwiluwi kwenye tangi, kuwalea hadi wawe mbu, kuwatambua kwa darubini na kuwapima kwa dawa ni kazi ya mafundi wachache waliofunzwa, na mishahara yao haifiki gharama ya kampeni moja ya kugawa neti. Kaunti ya Mombasa inaweza kuwaweka kwenye bajeti yake yenyewe, ikaanza na maeneo yanayozunguka Kilindini na bandari ya majahazi ya Mji wa Kale, kisha matangi ya Kisauni na Mikindani, na kila baada ya miezi michache ikabandika matokeo kwenye mbao za matangazo za zahanati zile zile ambako akina mama hupokelea vyandarua.